Mlango wa Chumba cha Seva Ufunguliwe

Yako mambo mawili ambayo sisi wanafunzi huambiwa karibu kila siku. La kwanza, kwamba kompyuta ndiyo elimu ya siku zijazo. La pili, kwamba kompyuta isiguswe. Mambo haya mawili hayapatani hata kidogo, na kwa heshima zote naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini nadhani la pili lafaa kuachwa.

Hapa shuleni tunayo seva. Kwa wazazi ambao hawajaiona, seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuzitumikia kompyuta nyingine. Yetu huhifadhi masomo, mitihani ya miaka iliyopita, na kamusi kubwa ya elimu isomwayo bila intaneti. Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Kwa hiyo seva hiyo ndiyo maktaba yetu kubwa kuliko zote. Ndani yake mna prosesa, kipande kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote za mashine. Prosesa maarufu ya mwanzo iliyotengenezwa katika kipande kimoja, Intel 4004, ilitoka mwaka 1971 ikiwa na transista 2,300. Za leo zina transista kwa mabilioni.

Ubao wa seva yetu una nafasi mbili za prosesa, lakini kwa muda mrefu ilijazwa moja tu. Watumiaji walipozidi, mashine ikawa nzito, na muhula uliopita akaletwa fundi kutoka Dar es Salaam kuongeza ya pili. Mlango ukafungwa. Alipomaliza akaenda zake, nasi tukaambiwa kazi imekwisha. Siku chache baadaye seva ikaanza kujizima yenyewe. Tulikaa siku 9 bila ya kuwa nayo, karibu na mtihani wa majaribio, tukimngoja fundi arudi. Aliporudi, aliona kuwa parafujo moja ya kipoza joto haikukazwa sawa na zenzake. Prosesa ikawa imekandamizwa upande mmoja, na baadhi ya vibao vya kumbukumbu mashine haikuviona. Akalegeza, akakaza upya kwa mpango, ikapona. Mwalimu wetu alitueleza hayo darasani. Nauli ya fundi ililipwa mara mbili, na fedha ile ilikuwa jasho la wazazi.

Simlaumu fundi, maana kila fundi hupitiwa. Neno langu ni hili: laiti wangalikuwamo chumbani wanafunzi watatu wakitazama, pamoja na mwalimu, tungalijua pa kuanzia siku ile ile.

Kazi yenyewe si uchawi. Kwanza hutazamwa kama ubao wakubali prosesa ile, na kama programu ya kuwashia mashine iliyo katika ubao yahitaji kusasishwa kabla ya kuanza. Prosesa mbili zikikaa pamoja, sharti ziwe za aina moja. Kisha mashine huzimwa, na waya zote za umeme huchomolewa. Nasema zote, kwa kuwa seva aghalabu huwa na waya mbili, na mwenye kuchomoa mmoja hajazima kitu. Mtendaji hujifunga mkanda wa mkononi uliounganishwa na bodi ya chuma, ili umemetuli wa mwilini mwake usiunguze vipande. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, basi umeme huo si mwingi kama penye ukavu. Lakini chumba chenye kiyoyozi hukauka, na hatari hurudi.

Hapo tena hufunguliwa soketi, na hapa ndipo penye kutaka mkono mtulivu. Soketi moja ya Intel iitwayo LGA 2011 ina pini 2,011, nyembamba mithili ya nywele. Prosesa haisukumwi wala haikandamizwi kwa kidole. Hulinganishwa alama ya pembetatu kwa pembetatu, ikateremshwa taratibu na kuachwa ikae yenyewe. Juu yake hutiwa dawa ya kupitisha joto, kidogo tu. Kipoza joto huwekwa juu, na parafujo zake hukazwa kwa zamu, pembe hii na pembe inayoikabili, kidogo kidogo, kwa kufuata utaratibu wa mtengenezaji. Mwisho, vibao vya kumbukumbu hupangwa, maana kila prosesa ina nafasi zake za kumbukumbu. Nafasi zilizo upande wa prosesa isiyokuwapo hazifanyi kazi.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba pini moja ikipinda ubao mzima waweza kuharibika, na kwamba mali ya Serikali si ya kujifunzia. Hofu hiyo ni ya haki. Mimi pia sitaki mwanafunzi wa kidato cha kwanza aingie na bisibisi. Lakini natazama mafundi wa majahazi hapa Bagamoyo. Chombo ni mali ya thamani, tena ni roho za watu, kwani ubao ukitiwa vibaya wavuvi watazama. Hata hivyo sijaona fundi wa jahazi aliyewafukuza vijana ili kulinda chombo. Kijana huanza kwa kuokota vipande na kumpa fundi tezo. Kisha hushika keekee. Kisha hutia kalafati, fundi akikagua. Na siku nyingi zikipita huachiwa ubao wake mwenyewe. Chombo hulindwa kwa kumfunza kijana kwa daraja. Vivyo hivyo wavuvi wa huku kwetu hadi Saadani na Pangani hufungua mashine za boti zao, kwa sababu mashine ikizima baharini hapana fundi wa kumngoja.

Nasi pia tuko mbali na fundi. Chumvi ya bahari hula chuma, vumbi huziba mapangaboi, na umeme ukikatika na kurudi ghafla hutikisa mashine. Kompyuta iliyo pwani yataka mwangalizi wa karibu kuliko iliyo mahali pengine.

Tena nchi yetu imekwisha kuonja matunda ya kuwa na mashine bila ya watu. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wenyeji waliozijua mashine hizo walikuwa wachache mno, na kazi ilitegemea wageni. Mpango wa kuweka mahesabu ya Serikali kwa kompyuta ukaleta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile iliondoka zamani, na mwaka 2009 waya wa SEACOM upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Mashine sasa zimejaa. Lakini tukizifungia vyumbani na kumngoja mtu wa kuja kuzifungua, tutakuwa tumepata mashine tu, na ujuzi wake umebaki kwa wengine.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, katika stoo zimo kompyuta zilizokufa, zinazokaliwa na mende. Zitolewe, ziwe za mazoezi. Mwanafunzi atoe prosesa na kuirudisha mara kumi, asafishe dawa ya zamani kwa spiriti, akaze parafujo kwa zamu, hata mkono uzoee. Akipinda pini za mashine iliyokufa, hapana hasara. Pili, kila fundi aitwapo, wachaguliwe wanafunzi watatu, wavulana na wasichana, wakae naye pamoja na mwalimu, wapewe daftari waandike kila afanyalo. Fundi aambiwe mapema kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi anayolipwa. Tatu, daftari hilo likae katika chumba cha seva, liwe mali ya shule, ili sisi tukiondoka wadogo zetu wasianze upya gizani.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali, yaani elimu ya kazi za mikono, katika sekondari. Hilo laonyesha kwamba wakubwa wetu nao wamekwisha kuliona jambo hili. Lakini mtaala peke yake haufungui mlango; mlango hufunguliwa na mwenye ufunguo.

Wazazi wetu, mkija katika mkutano wa shule, msiulize tu kompyuta ni ngapi. Ulizeni pia ni wanafunzi wangapi wanaoweza kuifungua moja na kuifunga ikawaka. Waalimu wetu, mmetuamini na moto wa maabara na tindikali iunguzayo ngozi, kwa kuwa mlitufundisha kwanza namna ya kuvishika. Tufundisheni na hili. Mimi mwaka huu namaliza, wala sitafaidi. Lakini wako wa kidato cha kwanza ambao miaka yao minne ndiyo kwanza inaanza.