Prado ya 1KZ na ile ya namba D

KIBARAZANI
Na Titus Ngonyani

Shemeji yangu ameuza mahindi. Hapa Bombambili, Songea, ukisema hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Tangu wiki iliyopita nyumbani kwa dada wageni hawakatiki, na kila mgeni ana gari la kumwonyesha mwenye nyumba. Yalikuwa sita, yakapungua, sasa yamebaki mawili, yote Prado. Moja ni ile ya zamani, ya toleo la 1996 hadi 2002, dizeli, injini ya 1KZ, namba B, mwenyewe anataka milioni 19. Jingine ni toleo lililofuata, la 2002 hadi 2009, dizeli pia, injini ya 1KD, namba D, milioni 36. Ukoo mzima umeshaamua: achukue namba D. Mimi peke yangu nimesema achukue ya zamani, na dada hajanikaribisha chai tangu Jumapili.

Hiyo herufi D ndiyo iliyouza gari kabla halijawashwa. Nchi hii tumezoea kusoma umri wa gari kwenye kibao cha namba, kama vile mtu anavyosoma umri wa mzee kwenye mvi. Lakini herufi inakwambia siku gari lilipoandikishwa Tanzania, basi. Prado iliyotoka kiwandani 2003, ikazunguka Japani miaka kumi na zaidi, ikishuka bandarini Dar es Salaam inapewa herufi ya siku hiyo na kuanza kuitwa mpya. Ushauri wangu kwa shemeji ulikuwa mmoja: fungua boneti, soma kibati. KZJ95 ni ile ya zamani, KDJ120 ni ile iliyofuata. Hizo herufi dalali hawezi kuzipaka rangi.

Kwenye kibaraza cha kijiwe chetu hoja ya wengi ni barabara. Wanasema siku hizi lami imefika kila mahali, kwa nini mtu ateseke na gari la enzi za matope? Na kweli, wanaokumbuka safari ya Tunduru wakati wa masika wanajua tulikotoka. Watu walikuwa wanalala njiani wakisubiri lori lililokwama mbele lichimbuliwe. Aprili 2019 Rais Magufuli alizindua kilomita 193 za lami kutoka Namtumbo hadi Tunduru, na safari ile ikawa ya kawaida kama ya kwenda Njombe. Mbinga nako lami. Kwa njia hizo hata gari dogo linatosha, na nadhani nusu ya Prado zinazopita hapa Bombambili hazijawahi kuwekwa fo-wili ya nguvu tangu zinunuliwe. Zimenunuliwa kwa heshima. Sina ugomvi na heshima, ila mwenye Prado mtaani huwa gari la wagonjwa, gari la harusi na gari la msiba kwa pamoja, na mafuta hawachangii.

Lakini shemeji hanunui gari la lami. Shamba lake liko ndani huko, mbele ya Muhukuru, na kilomita za mwisho ni njia ya trekta. Huko ndiko hesabu yangu inakoanzia.

Injini zote mbili ni za lita tatu, silinda nne, na zote zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kabla haujakatika. Tofauti iko kwenye namna dizeli inavyoingia. Ile ya 1KZ ina pampu inayogawa mafuta kwa nozeli moja moja. Ina umeme kidogo, si haba, lakini fundi aliyekulia gereji za Majengo anaijua kwa kuigusa. Ile ya 1KD inasukuma dizeli kwenye bomba moja kwa nguvu inayozidi mara elfu moja ya hewa tunayovuta, halafu kompyuta ndiyo inayoamuru nozeli ifunguke sekunde gani. Ndiyo maana inakwenda kwa wepesi, haipigi kelele, na inakula mafuta kwa adabu. Mwenye kuisifu hadanganyi.

Shida ni dizeli yenyewe. Ukiishiwa huko shambani unanunua ya dumu, iliyolala nyuma ya duka la mtu, yenye maji na vumbi kwa kiasi anachojua Mungu. Pampu ya kizamani italalamika, itatoa moshi, itakufikisha. Nozeli za 1KD hazina uvumilivu huo, na zikiharibika ni nne na bei yake inauma. Kuna ugonjwa mwingine mafundi wanaujua: washa ndogo za chini ya nozeli zikianza kuvuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanakwenda kuziba chujio la ndani ya sampu, na injini inakosa oili huku wewe unasikiliza redio.

Ya zamani nayo ina ugonjwa wake, tena mbaya. 1KZ haitaki kuchemsha. Rejeta ikiziba, ukaipandisha mlima wa Lukumburu na mzigo, hedi inapasuka. Kwa hiyo sikumwambia shemeji anunue kwa macho. Nilimwambia amchukue fundi, wafungue mfuniko wa rejeta, waangalie kama maji yana oili na kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Milioni 17 zinazobaki si za kuchezea: hapo kuna hedi nyingine ikibidi, kuna matairi manne, na kuna mbolea ya kupandia na ya kukuzia ya msimu ujao.

Dada ana hoja moja ambayo sikuweza kuijibu. Mara mbili kwa mwaka wanakwenda Dar es Salaam kuona wajukuu, zaidi ya kilomita 900, na usiku huwakuta njiani. Toleo la pili ni zito, limetulia zaidi barabarani, na breki zake nazipenda. Aliponiuliza kama ningewapandisha wajukuu wangu kwenye lile la milioni 19, niliomba chumvi.

Juzi jioni tulikwenda kulitazama hilo la 1KZ, mimi, shemeji na fundi. Liliwaka kwa kugusa tu. Shemeji akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakuitaka. Fundi hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kitambo.

“Mzee,” akamwambia muuzaji, “limetoka wapi saa hizi?”

“Halijatoka popote, fundi. Lilikuwa hapa hapa tangu asubuhi.”

“Basi tutarudi kesho alfajiri. Lisiwashwe.”

Mnajua baridi ya Songea ya mwezi wa saba. Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa uani kwa yule mzee, pumzi zetu zinaonekana. Umande ulikuwa umelala juu ya kila kitu: majani, bati za banda la kuku, kiti cha pikipiki ya kijana wake. Boneti ya Prado ilikuwa kavu.

Nilipopita kwa dada kurudisha tochi yake, alinimiminia chai bila kuulizwa.