Popo wa Suswa na Bakteria wa Chupani

Mkulima wa Naivasha ana adui asiyelala: nondo, ambaye viwavi wake hutoboa majani, matunda na hata matumba ya mawaridi. Adui huyu ana wawindaji wawili. Mmoja twamnunua, wa pili twamfukuza. Naona kwamba mizani yetu imepotoka.

Wa kwanza ni Bacillus thuringiensis, bakteria akaaye udongoni. Aligunduliwa Japani mwaka 1901, na mwaka 1938 Wafaransa wakaanza kumuuza kama kiuatilifu. Bakteria huyu hutengeneza fuwele ya protini. Kiwavi aimezapo, fuwele huyeyuka tumboni, utumbo hutoboka, naye huacha kula na kufa. Sifa hiyo hatumnyimi. Hata hivyo, jua humdhoofisha kwa siku chache, hivyo sharti anyunyizwe tena, yaani anunuliwe tena.

Wa pili ni Otomops harrisoni, popo mwenye masikio makubwa aishiye katika mapango ya Mlima Suswa, kusini mwa Longonot. Alitambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2015. Chakula chake kikuu ni nondo, ambao huwanasa angani usiku. Kila nondo jike aliwaye kabla ya kutaga ni viwavi wengi wasiozaliwa. Kazi hiyo haina ankara.

Sidai kwamba popo ataingia katika mabanda ya plastiki kuyaokoa mawaridi. Humo bakteria ana nafasi yake. Tofauti iliyo kuu ni hii: bakteria akipungua, kiwanda humzalisha upya, popo huyu hujifungua mtoto mmoja tu kwa mwaka, na kundi la Suswa limepungua mno kuliko lilivyokuwa miaka ya 1960.

Wapo watakaosema kwamba popo huleta maradhi. Waama, pango la Kitum, Mlima Elgon, lilihusishwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 1980 na 1987. Lakini popo washukiwa huko ni wala matunda, na kinga iliyo bora ni kutowagusa popo wala kuyavamia makao yao, si kuwafukiza moshi.

Basi, tuyalinde mapango ya Suswa kwa bidii ile ile tunayoitumia kununua chupa. Chenye bei hakikosi mtetezi. Kisicho na bei chahitaji sauti zetu.