Kamera za Joto Katika Ulinzi wa Vifaru: Uwezo na Mipaka Yake

Mwaka 2020 ulimalizika bila kifaru hata mmoja kuuawa na majangili nchini Kenya, hali ambayo haikuwa imeshuhudiwa tangu 1999. Kamera zinazotambua joto zilipata sehemu kubwa ya sifa kwa mafanikio hayo, na si bila sababu. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa mwaka huo safari za kimataifa zilikwama kutokana na janga la Korona, ilhali doria za askari wa wanyamapori ziliendelea. Kuipa mitambo sifa zote ni kuwanyima haki waliokesha porini.

Kamera hizo zilianza kutumika mwaka 2016 katika Maasai Mara na Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kwa ushirikiano na shirika la uhifadhi la WWF na kampuni ya FLIR ya Marekani. Katika Mara, kamera ilifungwa juu ya gari la doria; Nakuru, zilisimikwa kwenye nguzo kandokando ya ua. Januari 2019 ilitangazwa kuwa mpango huo ungefikishwa katika mbuga na hifadhi 10.

Mitambo hii haihitaji taa wala mbalamwezi. Usiku, nyasi zikishapoa, umbo la mtu hujitokeza wazi kutokana na joto la mwili wake. Mchana wa jua kali, mawe na ardhi hupata joto linalokaribia hilo, na umbo hufifia. Mvua kubwa na ukungu nazo hupunguza upeo. Kamera inayoweza kuzunguka, kuinama na kuvuta taswira karibu hukagua eneo pana, lakini inapotazama mashariki, magharibi hubaki bila mlinzi. Ndiyo maana kwenye ua mrefu kamera zisizosogea bado zina kazi.

Suala zito zaidi ni utambuzi. Picha ya joto huonyesha kuwa yupo mtu. Haionyeshi sura yake bayana, wala nia yake. Kwa mbali, fimbo ya mfugaji anayemtafuta ng'ombe aliyepotea yaweza kudhaniwa bunduki, na kosa la aina hiyo gizani hugharimu maisha. Picha hiyo yafaa iwatume askari kwenda kuhakikisha, kamwe isiwe kibali cha kufyatua risasi. Mahakamani nako haitoshi peke yake: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji rekodi ya kielektroniki iambatane na hati ya uthibitisho, na upande wa mashtaka bado hulazimika kumhusisha mshtakiwa na silaha au pembe iliyonaswa.

Mbuga ya Ziwa Nakuru, isitoshe, imepakana na makazi ya jiji. Kamera inayozunguka haijui ua umeishia wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za watu zikusanywe kwa lengo mahususi lililo wazi, na mitambo ya kisasa huweza kuwekewa kikomo cha kuzunguka au kuziba nyumba za watu kwenye picha. Wakazi wanaopakana na mbuga wana haki ya kuuliza iwapo kikomo hicho kimewekwa, picha huhifadhiwa na nani, na kwa muda gani.