Mwanaume aliyebakwa si wa kuchekwa

Wanaume nao wanabakwa katika vita vya mashariki mwa Congo. Wakirudi kijijini, kuna wanaoitwa "wanawake", na wengine wanasemwa kwamba wanapenda wanaume wenzao. Huo ni uongo. Kubakwa hakuonyeshi mtu anampenda nani, wala hakumwondolei uanaume wake. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji inamlinda kila mtu, mwanaume kama mwanamke. Lakini dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzishwa ndani ya saa 72, naye anajificha kwa kuogopa kuchekwa. Wazazi, wachungaji na machifu, tumpeleke hospitalini haraka. Aibu ni ya aliyebaka.