Parkingi mu centre-ville: kulipa sawa, lakini makuta inaenda wapi?

Mwisho wa mwezi, mushahara ukiingia ku banki, motokari zinatoka Kipushi, Likasi na Kambove, zinajaa mu centre-ville ya Lubumbashi. Mutu anazunguka chaussée Laurent-Désiré Kabila mara tatu, nafasi hakuna. Akipata moja, kijana wa gilet anakuja kuomba makuta. Bei gani? Ile anasema yeye. Resi? Mara iko, mara hapana.

Wengi wetu tunasema: parkingi iwe bure. Mimi ni mutu wa sendika, sipendi takse. Lakini hapa tufikiri kwanza. Nafasi ikiwa ya bure, motokari inayofika asubuhi, mara nyingi ya patron wa butiki mwenyewe, inalala pale mpaka mangaribi. Wewe uliyetoka mbali kununua unga na uniforme ya mutoto, unarudi na hasira. Njo maana mashine ya kwanza ya parkingi, iliyowekwa Oklahoma City, Marekani, mu 1935, ililipisha senti 5 tu kwa saa. Wafanyabiashara wenyewe njo waliitaka, juu motokari zisizotoka zilikuwa zinawafukuzia wateja.

Sasa bei ngapi? Kuanzia 2011, San Francisco ilijaribu hivi: barabara ikijaa, bei inapanda, ikiwa wazi, bei inashuka, ili kila mahali pabaki nafasi moja ao mbili. Nairobi ilifuata njia ingine. Mu 2014 ilipandisha bei toka shilingi 140 mpaka 300, lakini kwa siku nzima. Anayekaa saa moja analipa sawa na anayekaa toka asubuhi. Bei ya namna ile inaingiza makuta, lakini haimusukume mutu kuachia mwenzake nafasi.

Halafu kuna swali kubwa: makuta inarudi wapi? Pasadena, kule California, wenye butiki walikataa mashine. Walikubali mu 1993, wakati muji ulipoahidi kwamba makuta yote itabaki mu kartie ile: njia za miguu, taa, usafi. Sisi wa mine tunaijua kanuni hii. Code minier ya 2018 inatoa asilimia 15 ya redevance kwa entité ya mahali mine iko. Tunapigania ifike kweli kwa raia. Juu ya nini parkingi isifuate njia ile ile? Wengi wetu hatuna motokari, tunashuka ku taxi-bus na kutembea kwa miguu. Barabara ile ni yetu pia.

Tujihadhari na Chicago. Mu Desemba 2008, ndani ya siku chache tu, washauri wa muji walipiga kura kuachia kampuni ya watu binafsi nafasi karibu 36.000 kwa miaka 75, kwa dola milioni 1.150 hivi. Bei ilipanda mbio. Mu 2009 inspecteur wa muji wenyewe alisema mali ile iliuzwa kwa bei ya chini sana. Ndugu wafanyakazi, hadithi ile haitukumbushi kontra za mine zilizosainiwa usiku, na watoto wetu njo wanazilipa?

Basi, tuombe bintu vine. Bei ibandikwe pa ukuta, kwa saa, ndogo kwa saa ya kwanza, ikipanda kwa anayelala pale. Kila malipo na resi. Muji utangaze kila miezi mitatu ni makuta ngapi imeingia na imefanya nini pa avenue gani. Na kijana wa gilet apewe kontra na mushahara, juu yeye pia ni mufanyakazi: mutu anayekula pourcentage ya kile anachonyanganya hawezi kuwa na bei ya haki.

Kulipa hatukatae. Tunakataa kulipa gizani.