Mtoto Akiomba Kuua Dubu

Mwaka 1996 kijana mmoja wa Marekani, umri miaka 17, ana uvimbe kwenye ubongo, aliulizwa swali ambalo taasisi ya Make-A-Wish huwauliza watoto wenye maradhi mazito: unatamani nini? Wengi hutaja Disney, kompyuta, mbwa mdogo, au kukutana na mchezaji wanayemshabikia. Yeye akasema anataka kwenda Alaska kuwinda dubu wa Kodiak. Ombi likakubaliwa. Watetezi wa wanyama wakachachamaa, wakasema hisani ya watoto haiwezi kugharamia kifo cha mnyama, na wafadhili wakaanza kutishia kufunga pochi.

Mwaka 1999 taasisi ikaweka sera: hakuna tena ombi linalohusisha bunduki, upinde wa kuwindia au kifaa kingine cha uwindaji. Sababu iliyotajwa ni usalama wa mtoto. Sasa ikawa zamu ya wawindaji kukasirika. Na wao walikuwa wachangiaji, na wao wakasema hela yetu hamuioni tena. Hapo ndipo mkasa unaponivutia. Kambi mbili zisizoweza kukaa meza moja zilikuwa na silaha ileile: mchango wangu, masharti yangu.

Kwa asiyeijua, Make-A-Wish ilitokana na mtoto wa miaka 7 wa Arizona, mgonjwa wa saratani ya damu, aliyetamani kuwa polisi. Mwaka 1980 askari wakamshonea sare ya saizi yake na kumpandisha helikopta. Hakuna aliyekaa kikao kujadili kama ndoto ile inafaa. Ilikuwa rahisi kwa sababu ndoto yake ilimpendeza kila mtu. Kazi inaanza mtoto anapotaka kitu kinachowachefua waliolipa.

Kiukweli, mimi ningeisaini ile sera. Sioni kwa nini taasisi ya watoto ibebe dhamana ya mtoto anayetumia dawa kali akiwa na bunduki porini, mbele ya mnyama mwenye uwezo wa kumrarua. Na dubu naye ana maisha yake, tusijifanye hatulioni hilo. Ninachokataa ni mpangilio wa matukio. Wewe unamwambia mtoto taja chochote, unasubiri kelele, kisha unaandika kanuni na kuibatiza jina la usalama. Kama ni usalama, bunduki ilikuwa hatari hata kabla simu za wafadhili hazijaanza kuita. Kama ni huruma kwa wanyama, semeni hivyo, muwapoteze wawindaji kwa heshima. Wapo waliosema wazi kwamba taasisi imesalimu amri kwa shinikizo, na kwa tarehe zenyewe zilivyokaa siwalaumu kwa kufikiri hivyo.

Sisi wa Elimu tumekaririshwa Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 mpaka tunaiota: mtoto asikilizwe, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. (Marekani yenyewe haijauridhia mkataba huo hadi leo, lakini tuache hilo.) Kupewa uzito si kukubaliwa kila unachoomba. Mwalimu anakataa mara ishirini kwa siku. Ila mtoto ana haki ya kuambiwa amekataliwa kwa nini, na aambiwe sababu ile ya kweli.

Msidhani haya ni ya Wamarekani tu. Mwaka jana wanachuo tulichanga kwa ajili ya wodi moja ya watoto. Safari hii, tukasema, tusipeleke biskuti na sabuni kama kawaida, tuwaulize wenyewe. Kijana wa miaka kama kumi na moja hivi, aliyekuwa amelala pale wiki nyingi, akaomba manati. Akatueleza na ya kufanyia: kupiga ndege akirudi kwao. Kwenye grupu la WhatsApp pakawaka. Mmoja akasema hela yake ya boom haiendi kuua viumbe wa Mungu. Mwingine, mtoto wa kijijini kama mimi, akamjibu kwamba bila manati yeye utotoni asingeijua nyama ya njiwa. Wawili wakadai warudishiwe michango yao. Kamati ikakata shauri: apelekewe ludo na kitabu cha kuchora, na aambiwe manati yameisha dukani.

Yule dogo akacheka. Akauliza, manati ananunua nani? Ni kijiti cha mpera na mpira wa tairi la ndani, anatengeneza mtu mwenyewe.

Mimi pia nisingempa manati wodini, kwenye madirisha ya vioo na wenzake wenye dripu. Lakini angeweza kuambiwa hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na angeelewa. Badala yake watu wenye miaka ishirini na kitu, wanaosomea ualimu, walimdanganya mgonjwa ili wafadhili wasigombane kwenye simu.

Na ugomvi wa wafadhili hauishi, kwa sababu hata nchi jirani hazikubaliani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sisi Tanzania uwindaji wa kitalii ni halali, una vitalu na leseni, na wageni wanalipa dola kuja kupiga simba na nyati. Kwa hiyo ukikusanya michango Nairobi na Arusha kwa mfuko mmoja, umeshaunda Make-A-Wish ya 1996. Ukisubiri wachangiaji wakubaliane ndipo umjibu mtoto, atakuwa ameshatoka hospitali, au tumeshamzika.

Wawindaji wa Marekani, pamoja na vitisho vyao, walifanya jambo moja ninaloliheshimu. Mama mmoja wa Pennsylvania, ambaye mwanawe mgonjwa alikataliwa ombi la kwenda Kanada kuwinda moose (mnyama wa jamii ya kulungu, pembe zake kama masinia mawili), alianzisha taasisi yake, Hunt of a Lifetime, kwa ajili ya maombi ya namna hiyo tu. Majimbo kadhaa yakaweka hata leseni maalumu kwa watoto wagonjwa. Mimi nisingechangia hata shilingi mia. Lakini mtoto anayekwenda pale anajua anaomba nini na kwa nani, na mchangiaji anajua hela yake inanunua risasi. Hakuna anayedanganywa.

Wiki ya hisani inakuja tena muhula huu na kamati imeshabandika namba ya kuchangia. Kabla sijatuma yangu nataka karatasi moja ibandikwe pembeni yake: vitu ambavyo hatutanunua, sababu yake, na jina la atakayekwenda kitandani kumwambia mtoto. Iandikwe sasa, kabla hatujaenda kuwauliza. Na atakayeona orodha haimfai asichange, kuna vikundi vingine.