BARIDI NA MTOTO, SEHEMU YA 5: Anayebebwa Hatembei

Mama zangu na baba vijana mlioko huku New Hampshire, Maine na Vermont! Leo nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda: mtoto anayebebwa asipandishwe mlimani wakati wa theluji. Mchanga ndio kabisa!

Najua mnaona picha. Familia imevaa viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa chini ya buti ili mtu asizame, baba kabeba mtoto mgongoni, wote wanacheka. Picha nzuri, ila haionyeshi upepo.

Kutembea na vile viatu ni kazi jamani. Dakika kumi tu unatoka jasho, unafungua zipu ya koti. Mtoto aliye mgongoni amekaa tu. Miguu inaning'inia, mikanda inabana mapaja, damu inafika vidoleni kwa shida. Mchanga hawezi kutetemeka vizuri kama mtu mzima ili ajipashe joto, na ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto linamtoka haraka. Wewe unasikia joto, unadhani na yeye anasikia. Hapo ndipo hatari ilipo.

Halafu mlimani si uani kwako. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6. Mount Washington, wenye mita 1,917, ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934. Hiyo ni rekodi, sawa. Lakini nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 tu kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Mashavu ya mwanao yako wazi.

Njia nayo haikai vilevile. Asubuhi theluji iliyokanyagwa ni ngumu, mchana jua likiipiga inalainika. Juu kwenye barafu tupu, vile viatu vipana vinaweza kuteleza, unahitaji meno ya chuma. Kando ya misonobari midogo kuna mashimo yaliyofunikwa na theluji. Ukianguka, unaanguka na nani? Na Desemba jua linazama saa kumi na kitu jioni.

"Lakini nesi, mtoto alikuwa katulia, kalala." Hicho ndicho kinachonitisha. Mtoto aliyepoa sana halii. Analegea, anakataa kunyonya, ngozi inakuwa ya baridi na pengine nyekundu sana, mama anaona kapendeza. Ukiona hivyo, piga 911, mwingize ndani, mvue nguo zenye unyevu, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja nawe. Vidole vikiwa vyeupe au vigumu, usivisugue, wala usivipashe kwa hita au moto.

Wengine mtaniuliza, mbona wenyeji wanabeba watoto? Wapo, na wengi wao wamekulia kwenye theluji, wanajua siku ya kugeuka nyuma. Hata hivyo mtoto wao anapoa kama wako.

Sisemi mfungie watoto ndani mpaka Aprili. Theluji ni yao pia. Tafuta njia tambarare karibu na gari, siku isiyo na upepo. Anayetembea atembee, acheze, achoke. Mchanga mfunge kifuani ndani ya koti lako, uso uonekane na pua iwe wazi. Mvalishe sufu ndani, si pamba, maana pamba ikilowa inavuta joto. Kila dakika 15 mguse shingo na vidole. Ikiwa shingo ni ya baridi, rudini, hata kama mmetoka sasa hivi.

Baba, mlima unautaka? Nenda na wenzako, mwambie mama saa ya kurudi. Mtoto atapanda kwa miguu yake akikua.

Sehemu ya 6: koti nene na kiti cha gari. Mtumie hii yule anayefungasha begi la Jumamosi.